Barua ya Wazi kwa Mdaiwa Mwenzangu wa Harambee Avenue

Nyumba ya uani,
Nje kidogo ya Barabara ya Joseph Kang'ethe,
Woodley, Nairobi.
Tarehe 24, mshahara bado.

Kwa Hazina ya Kitaifa,
Harambee Avenue,
Nairobi.

KUH: MWALIKO WA KUJIUNGA NA CHAMA CHETU

Mpendwa Hazina,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba anayebisha mlangoni kwako wakati huu si mdai. Mimi nimeishi miaka mitatu nikizima taa kila nikisikia hodi, kwa hiyo naelewa kwa nini jumba lako limewekewa walinzi wengi vile.

Sikuandikii kulalamika. Walalamishi unao wa kutosha, na wengine wana mawakili. Nakuandikia kama mdaiwa kwa mdaiwa, maana kuna mambo ambayo mtu asiyedaiwa hayaelewi hata umweleze vipi. Hajui kwamba masikio ya mdaiwa hutofautisha ujumbe wa shemeji na ujumbe wa mkopo, ingawa simu ni moja na mlio ni mmoja. Hajui kwamba kutoka kituo cha Adams hadi hapa kwangu kuna njia fupi inayopita kwa mama mboga, na kwamba kwa muda mrefu mimi nilifuata ile ndefu, inayozunguka Soko la Toi, huku nikiwaambia watu kuwa daktari amenishauri nitembee.

Wewe nawe una mama mboga wako. Wanaitwa wakandarasi, na madeni yao mmeyapa jina la upole: bili zinazosubiri, kana kwamba bili ndiyo yenye subira. Mwaka 2025 ulipata njia ya kuwatuliza wajenzi wa barabara. Ulichukua shilingi 7 kati ya zile 25 za ushuru wa matengenezo ya barabara tunazolipa katika kila lita ya mafuta, ukaziahidi kwa wakopeshaji kwa miaka ijayo, ukapata ahadi ya shilingi bilioni 175. Mimi niliwahi kula marupurupu ya likizo ya Desemba mwezi wa Machi, kwa hiyo nilikuelewa mara moja.

Nilianza kidogo, kama wote. Kiswahili ndicho kilichoniponza. Ukitaka kuona lugha hii ilivyostawi nchini Kenya usihangaike na vyuo vikuu, kopa. Salio la simu likiisha unaambiwa Okoa Jahazi, nawe, mtu wa bara ambaye hujawahi kupanda hata mtumbwi, unajiona nahodha. Januari 2019 ikaja Fuliza, mkopo wa pesa za simu, tukaipokea kwa shangwe bila kufungua kamusi. Kufuliza ni kufanya jambo mfululizo bila kukoma. Jina lilisema kweli tangu siku ya kwanza. Msomaji ndiye aliyekosekana.

Baada ya hapo nikahamia kwenye apu za mikopo. Sitazitaja, kwanza kwa heshima, pili kwa sababu sina hakika kama zote zimesahau namba yangu. Ada ya asilimia 7.5 haitishi mpaka ukumbuke kwamba ni ya siku 30, si ya mwaka. Mwalimu wangu wa hesabu wa darasa la sita alinichapa kwa kosa dogo kuliko hilo. Nilipochelewa kulipa, apu moja ilianza kuwapigia watu waliokuwa kwenye simu yangu. Ilimpigia kiongozi wa kwaya. Ilimpigia fundi wa mabomba niliyemwita mara moja tu, mwaka ambao tangi lilipasuka, na fundi akanipigia usiku akaniuliza kwa upole, "Mkubwa, kwani wewe ni nani kwangu?" Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinakataza mchezo huo wa kumwaibisha mtu kwa jamaa zake. Kwaya haikuwa imezisoma.

Nikawa nakopa huku ili nilipe kule. Wazee walisema dawa ya deni ni kulipa. Mimi niligundua dawa nyingine, nyepesi kumeza: dawa ya deni ni deni. Nilidhani uvumbuzi huo ni wangu peke yangu hadi Februari 2024, nilipokuwa nasubiri kunyolewa karibu na Kenyatta Market nikaokota gazeti la kinyozi na kusoma habari zako.

Juni 2014 ulikopa dola bilioni 2 katika soko la dunia, Eurobond yako ya kwanza, ukaongeza milioni 750 kabla mwaka haujaisha. Sehemu kubwa ya mkopo ule wa Juni ilikuwa ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 6.875. Watoto waliozaliwa mwaka huo walifika Gredi ya 4 na bado nchi ilikuwa inabishana pesa hizo zilifanya nini hasa. (Nyumbani kwangu mabishano ya aina hiyo yalihusu shilingi 20,000, na yanakaribia kudumu muda uleule.) Siku ya kulipa ilipokaribia ulifanya ambacho ningefanya mimi: ulikopa dola bilioni 1.5 nyingine, kwa riba ya asilimia 9.75, ukanunua nazo sehemu ya deni la zamani. Deni la 6.875 likalipwa kwa deni la 9.75. Nilirudia sentensi hiyo mara tatu, kinyozi akadhani nimesinzia. Machozi yalinilengalenga. Kumbe nina ndugu, tena mjini, tena mwenye ofisi.

Haki isemwe: kitu kilitulia. Shilingi iliyokuwa imeporomoka hadi karibu 160 kwa dola moja mwezi Januari ilijikaza, na baadaye ikakaa karibu na 130. Mdaiwa akionekana amelipa, hata kwa pesa za kukopa, mtaa humsalimu tena. Mimi pia nilipoilipa apu ya kwanza kwa pesa za apu ya pili, ile ya kwanza iliniandikia: hongera, kiwango chako cha mkopo kimeongezwa. Mwaka 2025 ukarudia dawa ileile, mapema mwaka na tena Oktoba. Hongera.

Kilichonivutia zaidi ni mpaka wako wa kukopa. Mwaka 2019 Bunge lilikuwekea trilioni 9. Ulipoukaribia, Juni 2022 ukasogezwa hadi trilioni 10. Ulipoukaribia huo nao, mwaka 2023 mpaka wa shilingi ukaondolewa, ikaandikwa asilimia 55 ya pato la taifa, kwa thamani ya sasa, pamoja na ruhusa ya kuzidi kidogo. Nilijaribu kumweleza mke wangu mfumo huu kwa mfano. Nilimwambia kwamba badala ya kuahidi sitapita chupa tatu, nitaahidi kutopita asilimia fulani ya ukubwa wa baa. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama tayari nimekunywa.

Tena mimi na wewe tuna historia. Machi 2017 ulinikopa kwa simu. Ulizindua M-Akiba, mwananchi akukopeshe kuanzia shilingi 3,000, kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, bila kukatwa kodi. Niliona fahari: serikali imenijia mimi, uani Woodley! Nikakukopesha 3,000. Pesa zenyewe nilizikopa kwenye simu hiyohiyo. Yaani nilikuwa nakupa kwa asilimia 10 kwa mwaka kitu nilichokichukua kwa asilimia 7.5 kwa mwezi. Ulinilipa, sikudai kitu, na hata hivyo kati yetu wawili mimi ndiye niliyefilisika.

Novemba 30, 2022 ikawa zamu yako kunikopesha, kwa Hazina ya Hasla: riba ya asilimia 8 kwa mwaka, siku 14 za kulipa, na kabla pesa hazijanifikia asilimia 5 ikakatwa iwekwe akiba kwa jina langu. Nilikubali kwamba hiyo ni tabia njema, ukikopa kumi weka kidogo. Kilichoninyima usingizi ni swali dogo tu: ile Eurobond ya Februari 2024, asilimia 5 ya akiba iliwekwa wapi?

Halafu kuna hati ya mshahara. Sheria ya Ajira inasema makato yote yakijumlishwa hayaruhusiwi kuzidi theluthi mbili ya mshahara. Theluthi moja lazima ifike nyumbani, hata mtu awe amekopa hadi utosini. Ni sheria ya huruma, na nimeishi ndani ya theluthi hiyo kama mpangaji. Kabla wadai wangu hawajafika wewe unakuwa umeshapita: kodi ya mapato, NSSF, asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii, asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu. (Majumba marefu nayaona yakiinuka kila upande. Mimi bado niko uani.) Sasa wewe, katika kila shilingi 100 za kodi unazokusanya miaka hii, zaidi ya 50 zinakwenda kwenye deni kabla hospitali haijanunuliwa glavu. Nani amekutungia wewe sheria ya theluthi moja? Naona hakuna, na naona ndiyo maana unaingia kwenye theluthi yangu.

Basi nikueleze nilivyopona, au ninavyoendelea kupona.

Chama chetu hukutana Jumapili ya pili ya mwezi, saa tisa alasiri, uani kwa katibu. Mweka hazina ni mama anayeuza viatu vya watoto vya mitumba pale Toi. Soko hilo liliteketea mwanzoni mwa 2008, katika vurugu za baada ya uchaguzi, na yeye husema alichokimbia nacho ni daftari. Viatu viliachiwa moto. Daftari lenyewe bado analo, limefungwa kwa nailoni, na halimtoki kwapani. Angalia Kiswahili kilivyo na haki: yeye anaitwa mweka hazina. Wewe unaitwa Hazina tu. Mwekaji hatujaonyeshwa.

Siku ya kwanza nilikwenda kukopa, si kuweka. Aliniangalia viatu kwanza, mazoea ya kazi, kisha akauliza, "Kijana, unadaiwa na nani?"

"Watu kadhaa, mama."

"Kadhaa si namba."

Nilipewa daftari la kurasa 48 na penseli, nikaandika mbele ya watu kumi na wanne. Ilichukua dakika arobaini. Kila nikidhani nimemaliza, deni jingine lilichomoza kama mchwa baada ya mvua: karo niliyoahidi, mchango wa matanga nilioutangaza kwa sauti na kuutoa kwa kimya, kiti cha plastiki cha jirani nilichokivunja. Madeni kumi. Mtu akakohoa nyuma yangu. Aliyekohoa ni mama mboga, ambaye sikujua kuwa ni mwanachama, na ambaye alikuwa ameketi pale tangu mwanzo akiningoja nifike kwenye jina lake. Kumi na moja. Mweka hazina akanitaka nisimame na kuitamka jumla. Shilingi 187,400. Hazina, mimi nimewahi kusimama mbele ya kanisa, mbele ya wakwe na mbele ya askari wa trafiki. Sijawahi kusimama mbele ya kitu kirefu kama namba ile.

Hawakunikopesha. Hilo ndilo lililonishangaza, kwa sababu kila mahali pengine nilipojulikana kuwa sina, nilikopeshwa. Niliambiwa miezi sita ya kuweka kwanza. Tena si 1,500 kwa mwezi, bali 50 kila siku, mkononi, pale kwenye kibanda chake kabla hajafunga. Nilimwomba nitume zote kwa pamoja mwisho wa mwezi. Akasema pesa za mwisho wa mwezi zina ndugu wengi. Kwa hiyo kila jioni nilipanga foleni nyuma ya kina mama waliokuwa wakipimia watoto viatu, mtu mzima na shati la ofisini, nimeshika noti ya hamsini kama mtoto aliyetumwa chumvi. Siku nilizokuwa sina, nilitakiwa nifike niseme sina. Kufika kusema sina ni kugumu kuliko kutoa hamsini. Baada ya wiki mbili hamsini ikawa inapatikana. Ilikuwa kwenye soda.

Orodha ya kulipa aliipanga yeye. Vitabu vya fedha hubishana: wengine husema uanze na deni dogo upate moyo, wengine uanze na lenye riba kubwa uokoe pesa. Yeye alianza na mama mboga, shilingi 1,150, ambaye hakuwa na riba wala ujumbe wa vitisho. "Huyu unamwona kila siku," alisema, na huo ndio uchumi wote alioufafanua siku hiyo. Baada yake zikafuata apu, ile kali kwanza. Katibu alinisimamia nikizifuta moja moja kwenye simu baada ya kuzilipa, kama mtu anayeshuhudia ndoa ikivunjwa. Mkopeshaji mmoja nilimpigia mwenyewe, kabla hajanipigia, nikamwomba nilipe kwa awamu. Alikubali haraka kiasi kwamba nilikaa kitandani nikijiuliza miaka mitatu ya kuzima taa ilikuwa ya nini.

Imepita miezi 22. Yamebaki madeni mawili. Siku hizi napita njia fupi.

Lakini jambo lililonifanya nichukue kalamu ni la wadhamini. Mwezi wangu wa saba chamani niliruhusiwa kukopa, si zaidi ya mara tatu ya akiba yangu, kwa wadhamini wawili. Kudhamini kwetu si kutia sahihi na kwenda zako. Mdhamini husimamishwa akaulizwa mbele ya wote: unajua pesa hizi ni za nini? Akisema hajui, mkopo haupiti, hata kama mkopaji ni mwenyekiti. Na tangu siku hiyo ana haki ya kufungua daftari la mkopaji wakati wowote, akimkuta jikoni afungue jikoni.

Hapo nikakukumbuka. Deni lako limevuka trilioni 11. Nimeligawa kwa watu milioni 47.6 waliohesabiwa mwaka 2019 nikapata zaidi ya shilingi 230,000 kwa kila kichwa. Nilipokuwa hoi kabisa, nikizungukia Toi kwa ushauri wa daktari, mimi nilidaiwa 187,400. Kumbe binti yangu wa miaka miwili, ambaye hana hata simu, alikuwa amenizidi.

Sisi ndio wadhamini wako, Hazina. Hakuna aliyetusimamisha akatuuliza. Treni ya Mombasa ilianza safari mwisho wa Mei 2017 kwa mikopo ya benki ya Exim ya China, na mikataba ikawekwa siri. Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo walilazimika kwenda Mahakama Kuu kule Mombasa ili wadhamini waonyeshwe daftari. Mei 2022 mahakama ikawakubalia, na Novemba Waziri wa Uchukuzi, Kipchumba Murkomen, akatoa baadhi ya kurasa. Mpaka sasa sijui mweka hazina wetu angesema nini akiletewa baadhi ya kurasa. Nadhani angeanza kwa kuniangalia viatu.

Juni 25, 2024 vijana waliingia mjini, hapa na katika miji mingine, wakiuliza swali la mdhamini: kodi hizi mpya ni za kulipia nini? Siku iliyofuata Rais akatangaza kwamba hautii sahihi Mswada wa Fedha. Baadhi ya waliouliza walikuwa wameshauawa. Aya hii sikuiandika kwa mzaha, na ukiisoma kwa sauti ofisini, tafadhali watu wasimame.

Nimelipeleka jina lako mkutanoni. Wawili walipinga, wakisema utatuombea mkopo siku ya kwanza. Mweka hazina alifikiri, akafungua nailoni, akaandika jina lako chini kabisa kwa penseli, si kwa kalamu. "Aje," alisema. "Ila aje na daftari."

Kwa hiyo njoo. Panda matatu ya 111 ushuke Adams, usije na msafara, hakuna pa kuuegesha. Ule mkoba wa bajeti unaopigwa nao picha kila Juni uache ofisini. Huku kwetu mtu akionekana na mkoba mwisho wa mwezi majirani hudhani anahama usiku. Utaandika madeni yote kwa mkono wako, na ya wakandarasi, na zile shilingi 7 za kila lita. Utasimama utamke jumla kwa sauti. Kurasa 48 hazitakutosha, tutakuongezea. Hutakopeshwa miezi sita. Kuchelewa ni faini ya shilingi 50, na faini haikopwi.

Viti vya plastiki havitoshi tangu nilipovunja kile kimoja, lakini utapewa benchi. Keti mbele. Huko nyuma huketi mama mboga.

Mimi, mdhamini wako,
(sahihi sijatia)